Muhuri wa Geji

Mwaka wa 1938 Kituyi alikuwa akichochea moto wa boila, tangi la mvuke wa kuendeshea misumeno, katika kiwanda cha mbao nje ya Eldoret. Alipoishuku geji, kipimo chenye mshale wa kuonyesha nguvu ya mvuke, mwenye kiwanda aliipeleka kwa fundi mjini, ikarudi na muhuri.

"Imepimwa," bwana akasema. "Ongeza kuni."

Kituyi aliuamini muhuri, akaongeza. Mshale ulikuwa bado chini boila ilipopasuka, ikamuua mkewe, Nasike, aliyekuwa amemletea uji.

Katika uchunguzi, fundi alikiri kwamba kifaa alichopimia geji hakijawahi kukaguliwa na mtu yeyote.

"Sasa nani alikupa ruhusa ya kupiga muhuri?" Kituyi akamuuliza.

Bwana alinunua boila nyingine. Kituyi alimzika Nasike kwao Kimilili, na Eldoret hakurudi.