Dada Aliyeachwa Makindu

Jonah Ndululu alikuwa mtu wa kuheshimiwa kule Kilungu. Shamba lake lilishuka kwa matuta kutoka mgongo wa kilima hadi kijitoni, michungwa upande wa juu, mahindi na mbaazi upande wa chini. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Watu walipogombania mpaka, au ndoa ilipolegea, walimwita yeye. Alikuwa msikivu, hapayuki, na neno lake lilikubalika. Mkewe Kaluki peke yake ndiye aliyejua kwamba msuluhishi huyo wa wengine aliwahi kuikimbia damu yake mchana kweupe, kwenye kiambo chake mwenyewe.

Ilikuwa mwaka wa 1947, mwezi wa Agosti, baridi ya Kilungu ikiwa bado inauma. Mgeni alipanda kutoka barabara ya Mombasa, mtu wa miaka thelathini na kitu, amevaa kofia ya mviringo iliyofumwa kwa uzi, kanzu yake nyekundu kwa vumbi hadi magotini. Alibisha hodi kwa adabu. Kikamba chake kilikuwa cha Kitui, kimechanganyika na Kiswahili cha mjini.

"Nimeelekezwa kwako, mzee," alisema baada ya kupewa kigoda na maji. "Nimeambiwa mzee wa kanisa anawajua watu wote wa huku. Mimi ni Abdulkadir, fundi wa kushona nguo, Kitui. Nawatafuta watu wa mama yangu."

"Mama yako ni nani?"

"Sisi tunamwita Khamisa. Lakini alizaliwa huku, akaitwa Syombua. Baba yake alikuwa Kisilu."

Jonah alikuwa ameshika chungwa analimenya. Kisu kilisimama.

Abdulkadir akaeleza. Wakati wa ile njaa kuu, reli ilipokuwa ndiyo kwanza imefika Makindu, mama yake alikuwa msichana wa miaka tisa au kumi. Baba yake alimpeleka huko kwa miguu, akamwacha kwa mfanyabiashara wa pwani, akarudi nyumbani na gunia la mchele. Yule mfanyabiashara hakuwa mtu mbaya. Alimlea kama bintiye, akamwoza Kitui kwa mtu wa dini yake, na huko ndiko alikozaa.

"Hana kinyongo, mzee," Abdulkadir alisema. "Sasa umri umeenda, akaniambia niulize jambo moja tu. Alikuwa na mdogo wake, mtoto mdogo kabisa, jina lake Ndululu. Anataka kujua kama aliishi."

Kaluki alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Hakupepeta tena.

Jonah alimjua Syombua. Hakumkumbuka sura, maana alikuwa na miaka minne tu, lakini mama yake alipokuwa akifa alimshika mkono akamwambia: dada yako yuko duniani, mtafute. Naye aliitika ndiyo. Miaka ikapita. Mwaka huu kulikuwa na kulima, mwaka ule kulikuwa na nzige, mwaka mwingine kanisa lilikuwa linaezekwa mabati. Na sasa yule aliyepaswa kutafutwa alikuwa amemtuma mwanawe, naye amekaa mbele yake, anangoja jibu.

Jibu lilikuwa neno moja. Lakini katika muda ule mfupi mambo mawili yalimpanda kichwani. La kwanza lilikuwa shamba. Kwa desturi, binti ambaye mahari yake haikufika kwa baba yake, watoto wake huhesabiwa wa mji wa babu yao mzaa mama, na wana sehemu yao katika ardhi. Jonah alikuwa na wana watatu, na matuta yale hayakuwatosha hata wao. La pili ndilo lililouma zaidi, na hakuwahi kulitamka mbele ya mtu: mchele ule ndio uliomkuza. Kila alichokuwa nacho, mke, watoto, heshima, kilianzia kwenye gunia lile. Angemtazamaje mwana wa mtu aliyetolewa kwa gunia hilo?

"Watu wa Kisilu waliisha," akasema.

"Wote?"

"Wote. Njaa ile haikubakiza."

"Hata yule mtoto?"

"Hata yule mtoto."

Abdulkadir aliinamisha kichwa, akanong'ona maneno ya dini yake. Kisha akauliza, kwa heshima ya kutaka kujua amshukuru nani: "Na wewe, mzee, jina lako nani?"

"Jonah."

Hilo lilikuwa kweli. Kwa miaka kadhaa alijituliza kwa neno hilo moja, kwamba alipoulizwa jina alisema kweli.

Akamfungia mgeni machungwa kwenye kitambaa, akamsindikiza hadi chini barabarani. Watu walioona walisema, tazameni ukarimu wa mzee. Lakini Jonah alimpitisha njia ya korongoni, isiyo na nyumba, asije jirani yeyote akapaza sauti kumsalimu, "Ndululu!"

Aliporudi Kaluki alikuwa bado mlangoni.

"Yule mgeni ana paji la uso la marehemu mama yako," alisema.

"Mapaji ya uso yanafanana."

"Haya," Kaluki akasema, akaendelea kupepeta. Hakulitaja tena, na kwa sababu hakulitaja, lilikaa nyumbani mwao miaka tisa kama mtu wa tatu mezani.

Mwaka wa 1956 binti yao wa mwisho, Mumbua, aliposwa na watu wa Matiliku, ukoo wa mzee Kivuva. Walikuja wazee wao, na pamoja nao nyanya mmoja mkongwe aitwaye Syokau, mzaliwa wa Kilungu aliyeolewa kwao, aliyebebwa nusu ya njia kwa sababu ya magoti. Kabla ya kuzungumzia mbuzi wala ng'ombe, ilibidi damu ichunguzwe, watoto wasije wakaoana nao ni ndugu. Mzee Kivuva akauliza upande wa wanaume, akauliza upande wa wanawake, kisha akasema: "Marehemu Kisilu alizaa watoto wangapi?"

"Mmoja," Jonah akajibu. "Ni mimi."

Syokau akainua uso. "Wawili," akasema. "Umemsahau Syombua? Mimi na yeye tulikuwa tukichota maji pamoja. Siku waliyoondoka na baba yenu aliniachia kibuyu chake, akasema nimtunzie." Akamgeukia Kivuva. "Wawili. Andikeni hivyo."

Hakuna aliyekuwa na kalamu, lakini wazee wote walimgeukia Jonah.

"Baba," Mumbua akasema, na haikuwa desturi msichana kuzungumza katika kikao kile, "kumbe nina shangazi?"

"Alipotea wakati wa njaa."

"Hakupotea," Kaluki akasema kutoka nyuma. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba mzigo. "Mwanawe alikaa kwenye kigoda hicho unachokalia, Ndululu. Ukamwambia watu wake wamekufa."

Wageni walikula, wakaaga mapema. Posa haikuvunjika, ila Mumbua alimfuata baba yake shambani, akasimama mbele yake kati ya michungwa. "Siku yangu ya harusi shangazi ndiye wa kunishika mkono," alisema. "Kama yuko hai, twende. Kama amekufa, twende vilevile."

Wakaenda. Walipanda basi hadi Machakos, wakalala kwa mtu wa kanisa, kesho yake wakachukua basi la Kitui. Kote njiani Jonah alikuwa akipanga maneno, na kila yalipopangika aliyaona ni ya mtu anayejitetea.

Hawakuuliza sana. Fundi Abdulkadir alijulikana na kila mtu mjini. Walimkuta kwenye baraza ya duka, anakanyaga cherehani, nywele za pembeni zimeanza kuingia mvi. Aliinua macho, na mguu ukaacha kukanyaga.

"Mzee wa machungwa," akasema.

"Jina langu ni Ndululu," Jonah akamwambia. "Ndululu wa Kisilu. Jonah ni jina la ubatizo."

Abdulkadir alikata uzi, akaitoa nguo polepole, akaikunja. Ilikuwa suruali ya mtoto wa shule, na aliikunja kana kwamba ni kitu cha kuvunjika.

"Unajua nilipomfikishia jibu lako alifanya nini?" akauliza hatimaye. "Hakulia. Aliniuliza, 'Hata yule mtoto?' Nikamwambia hata yule. Akasema, 'Basi nilikwenda bure.' Hayo tu. Tukachinja mbuzi, tukaita watu, tukamsomea hitma ndugu yake. Tulikusomea wewe, mjomba."

Ni neno hilo la mwisho lililompiga Jonah. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hakuwa amejiandaa kuitwa mjomba.

Khamisa alikuwa uani, ameketi mkekani anachambua kunde. Alikuwa mwanamke mwembamba, mtandio mweupe kichwani, macho yameanza kufanya ukungu. Abdulkadir akamwinamia, akamweleza sikioni. Mikono yake ikatulia juu ya kunde, kisha ikaendelea.

"Syombua," Jonah akaita kwa Kikamba. "Ni mimi, Ndululu."

"Karibu, mzee," akamjibu kwa Kiswahili. "Keti. Poleni na safari."

Chai ikaletwa, na mahamri. Jonah aliiacha chai ipoe. Akaanza kueleza habari za shamba, za wanawe, za aibu, na maneno yakamwishia katikati. Khamisa alimsikiliza hadi mwisho, kama asikilizavyo mtu habari za jirani.

"Wewe ulidhani baba aliniuza," akasema.

"Ndivyo nilivyojua."

"Hapana. Pale Makindu, karibu na tangi la maji la gari la moshi, baba alinikalisha chini. Alikuwa analia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia. Akaniambia: 'Ukikataa, tutarudi pamoja, sitakulazimisha. Lakini Ndululu hataumaliza mwezi huu.' Nikamwambia achukue mchele aende. Ni mimi nilisema. Miaka yote hiyo, nikiudhiwa, nikifiwa, nilikuwa nikijiambia kuna mtu Kilungu anakula, analima, ameoa, kwa sababu mimi nilisema ndiyo. Sikutaka shamba lenu. Nilitaka niambiwe kwamba aliishi. Ungesema hilo moja, halafu ungemfukuza mwanangu, ningelala vizuri."

Jonah akashuka kutoka kwenye kiti, akapiga magoti ardhini. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe, Mungu ni shahidi. Inuka, mtu mzima hapigi magoti mbele ya watoto." Akasita. "Lakini ndugu yangu nilikwisha kumlia, mzee. Nilimlia miaka tisa. Sasa nikikutazama namtafuta, simwoni."

Kisha akamgeukia Mumbua, na uso wake ukawa mwingine. "Na huyu ndiye anayeolewa? Njoo hapa. Njoo nikuone miguu. Eh! Miguu ya mama yetu hii." Akamvuta mkekani, akamshika vidole, na Kikamba kikaanza kumtoka, kigumu kwanza, Kikamba cha mtoto wa miaka tisa, maneno ya kuchota maji na kufukuza ndege shambani. Walicheka. Jonah aliketi hatua tatu kutoka kwao, akisikiliza lugha yake ikisemwa na dada yake kwa mtu mwingine.

Jioni ile Esha, binti wa Abdulkadir aliyekuwa akisoma shule, aliletewa daftari. Khamisa alitaka majina. Jonah akayataja: Kisilu wa Nzioka, Nzioka wa Muthiani, mama na mama wa mama, waliotoka Mbooni na waliooa Nzaui, nani alizaa nani. Kila jina Khamisa alilirudia kwa sauti ndogo. Ilikuwa kazi ambayo Jonah angeweza kuifanya siku ile ya Agosti, kwa muda wa kumenya chungwa.

Harusi ilifanyika. Khamisa hakuweza safari, alituma gauni lililoshonwa na mwanawe, na Abdulkadir akasimama mahali pa mama yake kwa mambo ya shangazi, wazee wakakubali. Jonah alimchukua kando, akamwonyesha matuta mawili ya juu, yenye michungwa iliyozaa vizuri kuliko yote. "Haya ni yenu," akasema. Abdulkadir akatabasamu, si kwa dharau. "Mimi nitalima nini, mjomba? Mimi ni fundi. Hatukuja kutafuta udongo." Wana wa Jonah walipata ahueni. Yeye hakuipata. Afadhali wangedai, angekuwa na kitu cha kutoa.

Baada ya hapo alikwenda Kitui mara nne. Mara zote alipokelewa, akala, akapewa mahali pa kulala. Mara zote dada yake alimwita mzee. Alizoea kuketi hapo uani wakati dada yake akiuliza habari za Mumbua, naye akizitoa, na alitosheka na hilo kwa jinsi mtu anavyotosheka na kidogo akijua kingi alikitupa mwenyewe.

Khamisa alifariki mwaka wa 1958, mvua za Novemba zikiwa zimekata barabara. Habari zilipofika Kilungu alikuwa na siku nne kaburini. Jonah alikwenda hivyo hivyo, akiteremka kwenye basi kila mahali lilipokwama, akilisukuma pamoja na vijana. Abdulkadir akampeleka makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi, na hapakuwa na jina.

"Siku zake za mwisho alisahau Kiswahili," Abdulkadir akamwambia. "Akawa Kikamba tupu. Alikuwa akimwita mtoto. 'Ndululu yuko wapi? Ndululu amekula?' Usiku na mchana. Tukawa tunamjibu kwamba amekula, amelala."

"Alikuwa akiridhika?"

"Kidogo. Halafu anauliza tena."

Jonah akatamani kuuliza kwa nini hawakumwita mapema, lakini alijua hali ya barabara, na alijua kwamba hata angefika, mwenye kuitwa alikuwa mtoto wa miaka minne, si yeye. Akavua kofia. Hakujua dua zao. Abdulkadir akainua viganja, akaomba kwa ajili ya wote wawili, na Jonah akaitika amina alipomsikia amenyamaza.

Aliishi miaka mingine mingi. Kanisani aliomba aondolewe uzee wa kanisa, hakueleza sababu, na watu wakasema ni umri.