Ini la Bata Bukini na Chumvi Niliyoisifu

Wasomaji wangu, jirani yetu hapa Bowie, huku ughaibuni, yule bibi wa Kifaransa aliyekuwa akifuga mabata bukini nyuma ya nyumba yake, amefariki. Niliposhuka kwenye basi la shule nilimkuta mama kasimama kwenye theluji, kanga kichwani, ananisubiri. “Bibi yako katangulia,” akasema. Mimi, kama kawaida yangu, nikainama kufunga kamba za viatu. Kwa kalamu nasema, kwa mdomo siwezi, na haya hizi ndizo zilizonifanya nimdanganye miaka mitatu mfululizo. Sasa sijui nimwombe nani radhi.

Kila majani yalipoanza kudondoka alinunua mabata wanne kwa mkulima mmoja. Wiki za mwisho hakuwaachia kula wenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akambana bata mapajani, akamnyoosha shingo, akamtia faneli ndefu kooni na kummiminia mahindi ya kuchemsha, huku mkono wa pili ukiipapasa shingo taratibu mpaka chakula kifike kwenye gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Siku ya kwanza nilifumba macho. “Unawaonea huruma?” akaniuliza. Nikasema kidogo. Akacheka, akawaita wale waliobaki, nao wakaja mbio wanasukumana. “Kijijini kwetu hii kazi ya wanawake,” akasema. “Mama alinifundisha, naye alifundishwa na mamake. Ini lisiponona, hakuna Krismasi.” Nilichanganyikiwa. Ukatili gani huu unaokimbiliwa? Nilipomsimulia mama, hakushangaa hata kidogo. “Mimi nilipokuzaa wewe nililishwa uji wa pilipili manga siku arobaini. Nani aliniuliza kama nimeshiba?” Nikamwambia yeye hakuchinjwa mwishoni. “Ewe mtoto, huna haya,” akanijibu, lakini alikuwa anacheka.

Ini lenyewe lilikuwa kubwa, rangi ya siagi. Alilitia chumvi, pilipili na pombe kidogo, akalifunga ndani ya chupa za kioo na kuzichemsha. Chupa ya kwanza, kabla ya kufunga nyingine, alituletea sisi. Baba hakutaka maneno mengi: “Hakuchinja Muislamu, na ndani mna pombe. Mrudishie, umshukuru.” Mimi nimrudishie? Nikaificha gerejini nyuma ya matairi. Kesho yake bibi akanisimamisha uani. “Chumvi vipi?” Nikasema imetosha. “Haijazidi?” “Hapana, bibi. Tamu sana.” Akanibusu kwenye paji la uso, akarudi ndani akiimba. Mwaka wa pili ikawa hivyohivyo, na Krismasi iliyopita pia. Nilidhani hiyo ndiyo adabu.

Tulipokwenda kutoa pole, binti yake anayeishi College Park, mji wa karibu, alinishika mikono yote miwili. “Wewe ndiye muonjaji wake!” Kumbe daktari alishamkataza bibi mafuta na chumvi, naye kwa ukaidi wake hakugusa hata kwa ncha ya ulimi. “Alikuwa anasubiri neno lako kabla ya kufunga chupa zetu. Krismasi iliyopita ilikuwa chumvi tupu, tukala kimya ili asijue. Tukasema labda ninyi watu wa pwani mnapenda chumvi.” Mama akanitazama. Masikio yakaniwaka moto. “Sikuonja,” nikasema. “Hata mara moja. Dini yetu hairuhusu, na niliona aibu kumwambia.” Yule binti akaniachia mikono. Akakaa kitini. “Mngeniambia,” akasema, “ningekuja kuonja mimi.”

Bado sijui kama mabata wale walionewa au walipendwa, na pengine sitajua. Jambo moja nimelijua, nalo nawapa wenzangu wenye haya kama mimi: si kila “hapana” ni utovu wa adabu. Bibi yule hakuhitaji sifa zangu. Alihitaji ulimi wa mtu, na mimi nilimnyima hata nafasi ya kutafuta mwingine.