Ringi Iliyobaki Kwenye Trei

Dharau aliyokuwa nayo yule mama ingetosha kugawiwa mtaa mzima, na yeye asingepungukiwa. Karakanani walimwita Sumaku. Aliwadharau marubani kwa sababu waliijua injini kwa mishale ya mbele yao tu, kama mtu anayemjua mke wake kwa picha. Aliwadharau wapaka rangi, eti wanapendezesha tumbo la ndege wakati moyo unawaka. Lakini mafundi wa magari ndio aliowadharau kuliko wote. Mmoja wao alimwambia siku moja, kwa nia njema kabisa, "Mama, oili si oili tu?" Sumaku alimwangalia jinsi unavyomwangalia mbuzi aliyeingia sebuleni, akaenda zake. Yule fundi anasema mpaka leo hajawahi kutukanwa vile.

Kwa Sumaku oili haikuwa oili tu. Ndani ya injini ya ndege kuna shafti inayozunguka mara elfu nyingi kwa dakika, imekalia beringi, na beringi zenyewe ni majirani wa moto. Kinachozizuia zisiungue ni oili, na oili hiyo si pipa wala tangi kubwa kama watu wanavyodhani. Ni kama ndoo moja. Ndoo hiyohiyo inazungushwa tangu injini inapowaka mpaka inapozimwa. Pampu inaivuta tangini, inaipitisha kwenye chujio, inaipuliza kwa vitundu vyembamba juu ya beringi. Ikishuka chini, imejaa povu na joto, pampu nyingine zinaifyonza, inatolewa hewa, inapozwa, inarudi tangini, inaanza upya. Haina kupumzika. Ikimwagika angani, injini haina dakika nyingi za kuishi.

Na kwenye njia ile ya kurudi ndiko kulikokaa kazi yake. Kuna kizibo kidogo cha chuma, urefu wa kidole, chenye sumaku kwenye ncha. Kinanasa kila chembe ya chuma inayopita. Kila baada ya saa kadhaa za kuruka, fundi anakitoa, anakipangusa kwenye kitambaa cheupe, anasoma. Unga mweusi kama masizi, hakuna neno, injini inazeeka kama sisi sote. Vipande vinavyong'aa kama magamba, beringi inakufa, ndege isitoke. Sumaku alisoma vitambaa hivyo miaka ishirini na mbili. Darasani alikaa kidogo tu, lakini mainjinia wenye vyeti vya ukutani walikuwa wakimletea kitambaa na kusimama pembeni wakingoja, mikono nyuma, kama watoto wanaosubiri matokeo.

Basi mtu kama huyo, Mungu akamjalia shemeji.

Mume wa mdogo wake alikuwa amepata leseni ya ufundi zamani, akaitumia miezi michache, kisha akaona ofisi ina feni. Alipanda huko ofisini mpaka akarudi karakanani akiwa msimamizi wa zamu, na kompyuta ya mkononi ambayo hakuiweka chini hata akinywa chai. Kila kazi ilikuwa na kisanduku, na kila kisanduku alikipiga tiki. Mafundi wakamwita Bwana Tiki. Wiki yake ya kwanza aliingia asubuhi, ndege imelala pale tangu jana, akapima oili, akaona kiwango kiko chini, akaongeza makopo mawili. Kila fundi anajua oili hupimwa injini ikiwa imezimwa punde tu. Ikipoa, inajificha kwenye giaboksi na mabomba, na tangi linakudanganya. Ndege iliporudi, oili ya ziada ilikuwa imetapikwa kupitia bomba la kupumulia na kupaka ubavu mzima.

"Shemeji," Sumaku alimwambia mbele ya watu, "ulikuwa unaipima au unaikaanga?"

Kicheko kilichotoka siku ile ndicho kilichozaa mengine yote. Bwana Tiki hakusahau.

Nyumbani kwa mdogo wake, ambako kochi lilikuwa bado na nailoni ya dukani, dada hao wawili waliongea juu ya Bwana Tiki akiwa palepale.

"Dada, mpunguzie mwenzio," mdogo wake alisema. "Anarudi hapa hali chakula. Anakaa anaangalia ukuta."

"Bora auangalie ukuta kuliko injini. Ukuta hauruki."

"Ni mume wangu, dada."

"Kosa hilo ni lako, mimi usinitwike."

Mdogo wake akacheka, halafu akaacha kucheka, akakusanya vikombe.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kulikuwa na ndege ya injini mbili, abiria sabini, inatakiwa kuondoka saa nane mchana, na kabla ya hapo vizibo vya sumaku vibadilishwe kwenye injini zote mbili. Fundi mwenzake Sumaku alikuwa kalala nyumbani na homa. Bwana Tiki akaja na kompyuta yake.

"Utafanya zote mbili."

"Sifanyi."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote, shemeji. Mtu mmoja hafungui injini zote mbili kwa siku moja. Mkono ukikosea kushoto utakosea na kulia, kosa lilelile. Halafu huko juu watu watashikilia nini, mawingu?"

Mafundi walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. Bwana Tiki akaona macho yao. Akapandisha sauti.

"Mwezi huu umechelewesha ndege tatu. Barua yako ninayo, nimeshaiandika, imebaki sahihi. Hii ikichelewa, kesho unaanza chumba cha kuoshea vipuri. Injini utaziona kwa dirisha."

Hapo Sumaku alishusha macho. Waliomjua walishtuka, kwa sababu hakuwa mtu wa kushusha macho. Kuondolewa kwenye injini kwake ilikuwa sawa na kuambiwa kesho utaamka huna mikono.

"Sawa," akasema mwishowe. "Ya kushoto yangu. Ya kulia fanya wewe. Leseni unayo, au ni pambo?"

Bwana Tiki angekataa vipi, na watu wote wanamtazama? Akaenda kuvaa ovaroli. Ilikuwa na mikunjo ya kabatini bado, minne, imenyooka kama barabara. Sumaku aliiona mikunjo ile akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza siku ile.

Vizibo vilikuja kutoka stoo. Zamani vilikuja vimeshavikwa ringi ya mpira, ile inayoziba oili isipenye pembeni. Mtunza stoo mpya alivileta vitupu, ringi peke yake kwenye kipakiti cha nailoni kilichobandikwa ubavuni. Sumaku alichana kipakiti, akailowesha ringi kwa oili safi, akaivika, akaizungusha kwa kidole kuona haikujisokota, akaingiza kizibo, akakaza, akafunga waya wa usalama. Kisha akashuka kufuata tochi.

Njia ilimpitisha kwenye injini ya kulia. Bwana Tiki alikuwa juu ya ngazi, ameshamaliza, anasokota waya wake kama binti anayejifunza kusuka. Trei yake ilikuwa chini, juu ya kiti. Ndani yake kulikuwa na spana, kitambaa, na kipakiti cha nailoni ambacho hakijachanwa. Ringi imo ndani, nyeusi, imetulia.

Alifungua mdomo.

Kisha akaufunga. Atawasha injini kwa ajili ya kukagua uvujaji, aliwaza, ndiyo kanuni. Oili ikipata presha itatoka pale kama bomba la bustani. Itamwagikia kila mahali, mbele ya kila mtu, na yeye atakuwa amesimama hapo na ovaroli yake ya mikunjo. Hakuna atakayedhurika, ndege iko chini. Na barua itamfia mkononi. Alichukua tochi, akarudi upande wake, akasubiri. Moyo ulikuwa unadunda kwa furaha, na hakuona haya.

Bwana Tiki akafunga kifuniko cha injini, akabana vifungo vyake, akaangalia saa.

"Muda umekwenda," akawaambia wote. "Hatuwashi. Tutazungusha kwa staata tu, bila moto. Pasipodondoka tone, tumemaliza."

Furaha ikamtoka Sumaku kama hewa kwenye tairi.

"Shemeji, kuzungusha si kuwasha. Presha ni ndogo, oili bado baridi, nzito. Haitakuonyesha kitu."

"Umeanza."

"Kanuni inasema kuwasha."

"Kanuni inasema kukagua uvujaji. Nakagua."

Wakazungusha. Injini ikaguna, ikaguna, ikanyamaza. Bwana Tiki akafungua kifuniko kidogo, akamulika chini. Pakavu. Akageuka na tabasamu ambalo Sumaku hakuwahi kuliona usoni kwake, tabasamu la mtu aliyeshinda, na kidole kikashuka kwenye kompyuta. Tiki. Mlangoni basi la abiria lilikuwa limeshasogea. Dereva wa trekta la kuvutia ndege alikuwa anarudi kinyumenyume, anapiga mluzi, anatafuta ndoano.

Sasa ilibidi aseme, na kusema kwenyewe kulikuwa na mkia. Akisema, wataangalia. Wakiangalia, watauliza aliiona lini. Alijaribu kutafuta namna ya kusema ambayo haitaulizwa. Hakuna. Trekta likagusa gurudumu la mbele.

"Simamisha!" akamkemea dereva. Kisha, bila kumtazama shemeji yake, akasema, "Kizibo chako hakina ringi."

Bwana Tiki akacheka. "Watu nyinyi. Hata kushindwa hamjui."

"Iko kwenye trei. Nenda kaangalie."

Alikwenda anacheka. Alirudi na kipakiti kimekaa kwenye kiganja, na uso wake umekuwa kama wa mtu aliyepewa mtoto asiye wake amshike. Hakuna aliyecheka. Dereva wa trekta aliacha mluzi.

Mkaguzi mkuu aliitwa. Alikuwa mtu mdogo, wa sauti ya chini, ambaye ulilazimika kumsogelea umsikie. Alifungua kizibo mwenyewe, akakitazama, akakifuta, akakivika ringi. Akaagiza injini iwashwe kama inavyotakiwa, na ndege ichelewe itakavyochelewa. Kisha akawaita wawili wale kwenye chumba chake chenye meza moja na viti viwili. Wa tatu alisimama, na huyo alikuwa mkaguzi mwenyewe.

Kwa Bwana Tiki hakuchukua muda. Hakukagua trei, hakuhesabu vifaa, alifupisha ukaguzi. Arudi ofisini, na leseni aiache hapo mezani. Bwana Tiki aliiweka. Ikabaki imepinda kidogo kwenye kona, kwa sababu alikuwa ameikalia miaka yote ndani ya pochi.

"Na wewe," mkaguzi akamgeukia Sumaku, "asante kwa kusema. Uliiona saa ngapi?"

Neno "sasa hivi" lilikuwa pale, jepesi, tayari. Lakini waongo nao alikuwa anawadharau.

"Kabla hajafunga kifuniko."

"Ukafanya nini?"

"Nikasubiri."

"Ukisubiri nini?"

"Aaibike."

Mkaguzi akachukua kalamu, akaiweka, akaichukua tena.

"Yeye hakuona," akasema. "Wewe uliona."

Aliandika miezi sita, chumba cha kuoshea vipuri, asiguse injini. Sumaku alimtazama akitafuta cha kumdharau, kama alivyozoea. Alianza na viatu. Viatu vilikuwa vimechakaa kwa mafuta, viatu vya mtu anayetembea karakanani. Akaenda kwenye mikono. Ilikuwa na makovu ya waya wa usalama kama ya kwake. Akaacha kutafuta.

Jioni simu ililia. Mdogo wake.

"Dada, mume wangu amerudi anasema ulijua. Kweli?"

"Kweli."

"Watu sabini?"

"Isingeruka. Ningesema, na nilisema."

"Na kama ungekuwa umeenda chooni?"

Sumaku alikuwa na jibu la kila mtu. La rubani, la mpaka rangi, la fundi gari, ya shemeji alikuwa nayo kumi. Alikaa na simu sikioni. Upande wa pili alisikia vyombo vikioshwa, maji yakifungwa, mtu akivuta kiti.

"Dada?"

"Nipo."

"Nimekuuliza."

"Nimesikia," akasema Sumaku.

Jumatatu aliingia chumba cha kuoshea vipuri. Kilikuwa na beseni tatu, feni iliyovunjika, na msichana wa mwaka mmoja kazini aliyekuwa anasugua chujio kwa brashi vibaya, kwa kukandamiza, hivi kwamba uchafu unaingia ndani badala ya kutoka. Msichana alimkabidhi glavu.

"Mama, hapa ni rahisi. Unasugua tu mpaka ing'ae. Hakuna cha kufikiria."

Maneno yalimpanda Sumaku mpaka kooni, mazuri, makali, ya kumfanya yule binti akumbuke mwaka mzima. Halafu akaliona chujio lile mkononi mwake, na injini litakakorudi.

"Lete nikuonyeshe," akasema. "Sasa hivi, kabla hujamaliza."