Atakayesimama kwa Lindig

Gotthard Lindig hakuwa na mtu. Hakuoa, hakuzaa, na dada yake alikwisha kufa huko Bremen. Alitengeneza saa za ukutani mpaka watu wakaacha kuzitaka. Sisi wa hapa Dresden tulimjua kwa kaburi lake, alilolitunza angali hai.

Usharika wetu ndivyo ulivyo: ukitunza kaburi la zamani lililokosa wenyewe, ukifa unazikwa humo. Lindig alichukua la ukoo wa Pönisch, washona glavu wa enzi za wafalme. Akasugua ukoga kwenye jiwe, akapanda maua, akaanza kuwaita "watu wangu." Kaburi la mume wangu liko ng'ambo ya njia, basi miaka yote tuligombania kopo moja la kumwagilia lililoning'inizwa bombani.

"Mama Roswitha, watu wangu wana kiu."

"Watu wako walikufa bibi yangu hajazaliwa. Wangoje."

"Mumeo kaniambia yeye hana haraka."

"Huyo? Hata alipokuwa hai hakuwa nayo."

Vuli moja alikuja anakohoa. Akakaa ukingoni mwa kaburi, kopo hakuligusa.

"Jumapili ya Wafu," akasema, "mchungaji akisoma majina ya waliokufa mwaka huo, watu wao husimama, mshumaa ukawashwa. Langu likisomwa atasimama nani?"

"Si hao Pönisch wako."

Hakucheka. Nikamwambia wazi kwamba mimi kanisani siingii, tangu mchungaji yule wa zamani alipokosea jina la mume wangu mbele ya jeneza. Na mimi nikisema nimesema.

"Najua," akasema. "Haya, chukua kopo."

Alikufa Februari. Mazikoni tulikuwa mimi, mchungaji na wachimbaji.

Novemba nikaenda kufunika makaburi kwa matawi ya msonobari kabla ya baridi kali. La mume wangu kwanza, kisha la Lindig. Kengele ikalia. Nikaingia kanisani na udongo viatuni, nikakaa benchi la nyuma kabisa, peke yangu. Majina yakasomwa, watu wakasimama ukoo kwa ukoo, wameshikana mikono.

"Gotthard Lindig."

Hakuna aliyesimama. Mchungaji akatazama huku na huku, akainamia jina linalofuata.

Nikasimama. Magoti yakalia ko! mpaka wa mbele wakageuka. Sikukaa hadi mshumaa wake uliposhika moto.

Mlangoni mchungaji akaniuliza, "Mama, wewe ni nani wake?"

"Tulikuwa tukigombania kopo."

Nikarudi makaburini. Kopo lilikuwa bombani, limening'inia palepale. Hakuna aliyeligusa.