Viatu vya Mama Mapajani

Gari langu jipya linanuka nailoni iliyofunika viti, harufu ileile ya gari la Mama. Nimelichukua yadi ya magari asubuhi hii, na kabla ya kuliwasha nilivua viatu.

Mama aliendesha pekupeku siku tulipopeleka gari lake la kwanza nyumbani, Kimbo. Alisema bila viatu mguu unasikia breki vizuri. Vile vyake vya kanisa, bado vina joto, alinipa nivipakate kule nyuma, ambako nailoni ilinishika mapaja kwa jasho. Kutoka Kahawa Wendani tulikuwa leni ya kulia ya barabara kuu, na njia ya kwetu hutokea kushoto. Indiketa ya kushoto ililia tik, tik, tik, kwa sababu kila akijaribu kuhama alikuta lori ubavuni. Hakugeuza shingo hata kidogo. Niliona jasho likimteremka nyuma ya sikio.

Ruiru ikapita. Kisha nikaona steji ya matatu ya Kimbo na kibanda tulichozoea kununua sukuma wiki vikirudi nyuma.

"Mama, si tumepita kwetu?"

"Nyamaza kidogo, mami. Nataka ukaone Thika."

Juja nayo ikapita. Huko Thika aliingia kituo cha mafuta, akazima gari, akakaa tu akiwa ameshika usukani. Halafu akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikampa kiatu kimoja, kisha kingine.

Leo viatu vyangu viko kiti cha nyuma, vinateleza huku na huku juu ya nailoni. Ruiru nimeshaipita. Indiketa inalia, lori liko ubavuni, na hakuna wa kuniuliza kama nimepita kwetu.