Redio na Kibao cha Herufi

Nyie mnaovaa miwani mtanielewa upesi. Mtu akishahangaika kukutengenezea, halafu akakuuliza, "Haya, sasa unaona?", ulimi huwa mzito kumwambia hapana.

Yalimkuta binti wa fundi miwani wetu. Tulimwita Redio, maana akianza kusema hazimiki. Alikulia dukani kwa baba yake, chumba chembamba chenye meza, taa ya kuinamia na kile kibao cha herufi cha kupimia macho. Alipoanza shule akawa anajigonga milangoni.

"Jicho tu hilo," alisema fundi. "Mtoto wa fundi miwani asipoona, fundi ni mvivu."

Akamtengenezea miwani. Kisha nyingine, nene zaidi. Kila mara akimwambia, "Soma, mama," Redio alishuka na kibao chote mpaka mstari wa mwisho, na fundi akatamba mbele ya wateja.

Siku ya kupaka duka rangi, kibao kilishushwa, kikaegemezwa nyuma ya mlango. Redio akarudi kutoka shuleni, akakaa dukani kwenye kiti chake cha siku zote. "Haya Redio, tusomee habari," baba akamtania. Mtoto akaugeukia ukuta mtupu, rangi haijakauka, akazisoma herufi zote. Hakukosea hata moja.

Brashi ya rangi ikamponyoka mama yake. "Mume wangu, huyu haoni."

Baada ya vipimo vingi, daktari wa watoto aliwaeleza taratibu. Shida ilikuwa ubongoni. Ni ugonjwa adimu wa kurithi: chembechembe za mwili zinashindwa kuondoa taka zake, zinajaa, zinakufa kidogo kidogo. Macho hutangulia. Kifafa hufuata, kisha maneno, kisha miguu. Dawa ya kuuponya hakuna, kumtunza kupo.

"Ugonjwa huo umetoka upande gani?" aliuliza mama yake fundi, aliyekuja nao, jicho kwa mkwewe.

"Pande zote mbili, bibi," daktari alijibu. " Baba ana kasoro moja iliyojificha, mama naye anayo, na wote wazima. Mtoto kazipokea zote mbili. Hakuna aliyekosa."

Bibi akameza maneno yake, nayo hayakuwa machache.

"Kifafa kikikaribia, huenda akahisi," daktari aliendelea. "Akisema mapema mtamlaza asiumie. Lakini huyu kazoea kuwaficha."

Walipofika nyumbani, fundi alimpakata. "Mbona ulikuwa unanidanganya, mama?"

"Ulikuwa unafurahi."

"Sasa nitafurahi ukiniambia kweli, hata iwe mbaya."

"Hata mbele ya wateja?"

"Hata mbele yao."

"Basi hii miwani inaniumiza pua."

Wakacheka mpaka mama akaja kuchungulia. Ila kicheko si dhamana. Wiki zikapita, na kila alipoulizwa, Redio alijibu "mzima" tu, hata siku alizoyumba. Fundi akawa anafanya kazi jicho moja mezani, jingine kwa mwanawe.

Halafu siku moja, duka limejaa, fundi anabishana na mwalimu mstaafu kuhusu fremu yake.

"Baba."

"Ngoja kidogo, mama."

"Baba, kichwa kinaondoka. Nishike."

Fundi aliiachia miwani ya watu ianguke. Alimlaza mtoto kwa ubavu juu ya koti lake, akasukuma viti mbali, akakaa naye mpaka mtetemeko ukapita.

"Kioo kimepasuka," mwalimu alisema taratibu, ameinama kuokota.

Fundi hakugeuka. Alikuwa amemwinamia mwanawe sikioni. "Umeniambia, mama. Umeniambia."