Vitabu Vinne vya Mashua za Ziwani

Mume wangu alipopigwa na kiharusi, neno moja tu lilimbakia: ngoja. Akitaka chai, alisema ngoja. Akikataa chai, alisema ngoja. Alikuwa amefundisha historia katika shule za sekondari za Nyeri mpaka akastaafu, mtu wa maneno mengi, na nyumbani sote tulimwita Mwalimu, hata mimi niliyekuwa mwalimu mwenzake. Sasa alikaa kutwa kwenye kiti karibu na dirisha la jikoni, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake.

Kila asubuhi alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea rafu, na hakutulia mpaka nimpe faili yake ya kahawia. Ndani mlikuwa na kazi aliyoianza baada ya kustaafu, historia ya mashua za wavuvi wa Ziwa Viktoria, alikozaliwa. Baba yake alikuwa fundi wa kuunda mashua, akafa Mwalimu akiwa na miaka kumi na mmoja. Mengi aliyakumbuka, lakini kumbukumbu za mtoto hakuziamini. "Nitaandika nikishaona vitabu vinasema nini," ndivyo alivyokuwa akiniambia. Ukurasa wa kwanza wa faili ulikuwa na majina ya vitabu vinne vya zamani. Kurasa zilizofuata zilikuwa na vichwa vya sura, na chini ya kila kichwa, karatasi tupu.

Mimi ni binti wa mlimani. Kuogelea sijui, na mashua nimepanda mara moja tu, siku aliyonipeleka kwao kunitambulisha, nikafumba macho tangu tulipoondoka mpaka tulipofika. Lakini daktari wa mazoezi alinieleza kwamba mgonjwa wa namna hii anahitaji kitu cha kumfanya aitake kesho. Nikainakili ile orodha, nikaitia kwenye mkoba.

"Nitavitafuta," nilimwambia.

Alinitazama. "Ngoja," akasema. Sikujua kama ni ndiyo au hapana. Niliamua ni ndiyo.

Nilianzia maktaba ya mjini. Mhudumu alinisikiliza kwa adabu, akaniambia vitabu vya zamani viliondolewa rafuni walipokosa nafasi, na hakuna aliyejua vilikopelekwa. Nikaenda kwa wauza vitabu vya mitumba, nikapata vitabu vya mitihani na vya kutajirika haraka. Binti yetu, ambaye ndiye aliyekaa na baba yake siku nilizotoka, alitafuta kwenye simu. Alikiona kimoja katika maktaba ya ng'ambo, lakini ni jina tu lililoonekana, kukisoma haikuwezekana.

"Mum, si uachane na hiyo maneno?" aliniuliza. "Dad mwenyewe haezi kusoma saa hii."

"Mimi naweza," nilimjibu.

Karatina nilikwenda kununua viazi, si vitabu. Mwanamke mmoja alinifungia njugu kwa karatasi ya kitabu, na nilipoifungua nikaona mchoro wa wavu wa kuvulia samaki. Nilimwuliza karatasi hizo anazitoa wapi. Alinielekeza kwa mzee mmoja nyuma ya soko, anayeuza karatasi kuukuu kwa kilo.

Mzee alikuwa ameketi juu ya magunia yake. Nilimsomea orodha yangu. "Mama, majina mimi sijui," alisema. "Mimi najua kilo. Lakini angalia tu, usiogope."

Niliinama pale tangu asubuhi mpaka jua likanichoma kisogo. Katika gunia la tatu nilikipata, kitabu cha pili kwenye orodha, au tuseme nusu yake. Kilianza ukurasa wa themanini na moja. Nusu ya kwanza ilikuwa imekwisha kufungia watu njugu. Nilikishika kifuani nikasikia hasira na furaha kwa pamoja.

"Hii ilitoka wapi?" nilimwuliza.

"Huko Timau. Kuna nyumba ya shamba ya zamani ilikuwa inauzwa vitu. Mimi nilichukua karatasi. Ile vitabu mingine mizuri, ya jalada ngumu, ilienda na kabati. Kabati alinunua mwarabu mmoja wa mbuzi, wa Nanyuki."

"Mwarabu?"

"Ati ni Msomali, ati ni Mborana, mimi sijui. Anauza mbuzi."

Wafanyabiashara wa mbuzi Nanyuki si wachache. Safari ya kwanza niliuliza kila mahali penye zizi mpaka nikaelekezwa kwake, nikaambiwa amekwenda Isiolo kununua mifugo. Safari ya pili niliambiwa yumo msikitini, nikasubiri, mvua ikaja, na gari langu la kurudi likakaribia kuniacha, nikaondoka bila kumwona. Safari ya tatu nilibeba chakula na mwavuli, nikamwambia binti yangu asinitarajie mapema.

Alikuwa mtu mzima wa makamo yangu, mpole, ndevu zimetiwa hina. Kabati lilikuwa sebuleni kwake, na ndani yake vyombo vya chai juu, vitabu chini, vimepangwa vizuri na kufutwa vumbi.

"Watu wameniambia nivitupe," alisema. "Kiingereza chake sikijui. Lakini siwezi kutupa kitu kilichoandikwa kabla sijajua kimeandikwa nini. Wewe mama unakitafuta kipi?"

Nilipiga magoti mbele ya kabati. Kilikuwa cha tano kutoka kushoto, cha kijani, kikubwa, kinaeleza vyombo vya uvuvi vya maziwa yote ya nchi zetu, na nyuma kilikuwa na michoro iliyokunjwakunjwa. Ndicho kilichokuwa cha kwanza kwenye orodha, na Mwalimu alikuwa amekipigia mstari mara mbili. Nilisema niko tayari kukinunua.

"Sikiuzi," alisema. "Kwanza niambie wa nini."

Nikamweleza yote: ziwa, baba fundi, faili, na lile neno moja. Aliketi kando ya kabati. Kisha akasema, "Baba yangu mimi alikaa miaka miwili hivyo. Kila siku alikuwa akinyoosha kidole kwenye mlango. Tulimpeleka nje, alikasirika. Tulifunga mlango, alikasirika. Amekufa, na hatukujua alichotaka." Alikitoa kitabu mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili. "Nenda nacho. Ila urudi uniambie kinasema nini."

Kesho yake nilivuta meza mpaka kwenye kiti cha Mwalimu, nikaanza kumsomea, nikirudia pale Kiingereza kilipokuwa kigumu kwangu. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Sura ya mashua za kwao ilikuwa fupi. Mwandishi alieleza kwamba fundi huanza na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo chote, kisha husimamisha mbavu, na mwisho hugongomea mbao za ubavuni juu ya hizo mbavu. Nilikunjua mchoro ili aone.

Mwalimu alifumbua macho, akapiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaanguka. "Ngoja! Ngoja, ngoja, ngoja!"

Nilidhani amezidiwa. Nilitaka kukiondoa kitabu, akakishika. Akanyooshea kidole sinia la mboga, nikamletea. Kwa mkono ule mmoja alichukua shina la sukuma wiki, akalilaza mezani. Akachana majani vipande virefu, akayapanga pande mbili za shina, moja juu ya jingine, taratibu, jasho likimtoka. Ubavu wa mashua ulipokwisha, ndipo alipovunja vijiti vya kiberiti, akavitia ndani kimoja kimoja. Akanitazama.

"Mbavu zinakuja mwisho?" nilimwuliza.

Akaegemeza kichwa nyuma. Machozi yalikuwa yakimtoka, nami nikalia pia, kwa sababu ile ilikuwa mara ya kwanza tangu augue sisi kuzungumza.

Hata hivyo nilikuwa na kitabu kikubwa cha kijani upande mmoja, na sukuma wiki upande wa pili. Nilimpigia simu dada yake mkubwa, ambaye hajawahi kuondoka ziwani.

"Wifi, baba yenu alipokuwa akiunda mashua, mbavu aliziweka lini?"

"Mwisho. Mbao kwanza, zishikane zenyewe. Kwani nani amekwambia vingine?"

"Kitabu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi huyo mwenye kitabu alikuja siku mashua inakarabatiwa. Alikuta mbao zimetolewa, akadhani ndiyo kwanza zinawekwa."

Niliyaandika maneno yake jinsi alivyoyasema, na yakawa mwanzo wa sura ya kwanza. Tulikuwa tukifanya kazi kwa saa mbili kila asubuhi. Mimi niliandika, nikasoma kwa sauti, naye alipiga meza nilipokosea. Nilikosea sana. Kuna aya moja tuliyoirudia kwa wiki nzima, mpaka nikamwambia kama hataki akaandike mwenyewe, nikatoka nje kuanua nguo kwa hasira, kisha nikarudi.

Sura ilipokamilika niliipeleka Nanyuki pamoja na kitabu. Mfanyabiashara wa mbuzi alikaa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mbao ni za mti gani?" aliuliza.

Nilikuwa sijaandika. Nilirudi Nyeri na swali hilo, nikamwuliza Mwalimu nikiwa bado na koti mwilini. Alikunja uso, midomo ikahangaika, nikaanza kumtajia miti ili atikise kichwa. Akanizuia kwa mkono.

"Mvu," alisema. "Mvu... le."

Tangu hapo maneno mengine kama kumi yamerudi, mengi ni ya kazi ile: kamba, kasia, lami, na jina la dada yake. Daktari anasema tusitegemee mengi zaidi. Mimi sijamwambia Mwalimu hivyo, wala sioni kwa nini nimwambie.

Kitabu cha tatu nimekubali kwamba hakipo tena. Cha nne nimesikia kiko Wang'uru, kwa bwana samaki mstaafu, afisa wa uvuvi wa zamani, ambaye sasa analima mpunga. Kwenye simu aliniambia kwa ukali kwamba haazimi mtu kitabu. Nilimjibu kwamba sitaki kuazima, nitakisomea hapohapo kwake, siku nzima ikibidi, na daftari langu nitakuja nalo. Akaniuliza kama nakunywa chai ya maziwa. Ninaondoka Jumanne.